Baiskeli ya Resi ya Zamani: Uifufue au Ununue ya Kisasa?

Umeiona imening'inizwa kwa muuza mitumba, katikati ya baiskeli za milimani na za watoto. Fremu nyembamba ya chuma, usukani uliopinda kama pembe za kondoo, vijiti viwili vya gia kwenye bomba la chini. Rangi imechubuka lakini jina bado linasomeka: Raleigh, Peugeot, Miyata, Bianchi. Muuzaji ametaja bei, umeipunguza, naye amekubali upesi kwa kuwa wateja wake wengi wanataka kitu chenye keria. Au hukuinunua kabisa. Ilikuwa ya mzee, imekaa stoo miaka na miaka, na juzi umeitoa ukaipangusa vumbi. Sasa unajiuliza: niifufue hii kwa vifaa vipya, au niiache nikatafute baiskeli ya siku hizi?

Nimeendesha za aina zote mbili, na nimewahi kumaliza akiba yangu kwenye ile isiyostahili, kwa hiyo jibu nalitanguliza. Usijaribu kuigeuza baiskeli ya zamani iwe mpya. Ipe breki zinazoshika, gia zinazopanda mlima na matairi mazuri, kisha iendeshe. Ukitaka zaidi ya hayo matatu, weka spana chini na uanze kutafuta ya kisasa, kwa sababu kutoka hapo kila shilingi unayoongeza ingekufanyia kazi kubwa zaidi kwenye baiskeli nyingine.

Kabla ya kuwaza vifaa, tazama fremu. Kwanza ni kimo chako. Simama ukiwa umeipanua miguu juu ya bomba la juu, nyayo zote mbili chini. Ukibaki na nafasi ya vidole viwili au vitatu, endelea. Kaa kwenye kiti, shika vishikizo vya breki: viwiko vikilegea kidogo, inakufaa. Ukilazimika kujinyoosha kama anayefikia kitu juu ya kabati, hiyo ni ya mtu mwingine, hata ikiwa nzuri namna gani. Hakuna kifaa kitakachoirekebisha.

Kisha pitisha kidole chini ya bomba la chini na la juu, pale yanapoungana na bomba fupi la mbele linalobeba usukani. Rangi ikiwa na mikunjo au ufa mwembamba wa kukata bomba, baiskeli iligonga kitu uso kwa uso na chuma kimejikunja. Achana nayo. Kutu ya juu juu isikutishe, inaondoka kwa brashi na mafuta. Kutu mbaya ni ya ndani, inayojikusanya chini kabisa kwenye kikombe cha ekseli ya pedali, ambako maji ya mvua hutuama. Ikiwa baiskeli imeishi Tanga, Mombasa au Unguja, chomoa nguzo ya kiti, mulika tochi ya simu humo ndani, uone mwenyewe.

Hiyo nguzo ya kiti ndiyo iliyonifundisha. Baiskeli yangu ya kwanza ya resi niliinunua bila kuigusa nguzo, kwa sababu kimo kilikuwa karibu sawa, sentimita mbili tu. Nguzo ilikuwa ya alumini ndani ya fremu ya chuma. Vyuma hivyo viwili vikikaa pamoja miaka bila grisi, na unyevu ukaingia, alumini huota unga mweupe unaovimba na kushikana na chuma. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliigonga kwa nyundo, akaizungusha kwa spana ya bomba, akaipasha moto. Jioni ile nilirudi nyumbani na fremu yenye ufa wa kidole kizima juu ya bomba la kiti. Tangu siku hiyo sitoi pesa kabla muuzaji hajalegeza boliti mbele yangu na nguzo ikazunguka kwa mkono. Shingo ya usukani nayo ni hivyo hivyo: legeza boliti ya juu mizunguko mitatu au minne, weka kipande cha mbao juu yake, gonga kwa nyundo taratibu hadi kabari ya ndani iachie, kisha zungusha. Isipozunguka, bei iwe ya vyuma chakavu.

Ukiwa na nguzo mkononi, pima kipenyo chake, au soma namba iliyogongwa ubavuni. Fremu nyingi nzuri za Uingereza na Japani huchukua nguzo ya milimita 27.2, kwa sababu bomba lake lina kuta nyembamba. Ukikuta 25.4 au 26, kuta ni nene, chuma ni cha kawaida, na baiskeli itakuwa nzito daima. Stika ya Reynolds 531 au Columbus ni dalili njema. Mabomba ya 531 yalianza kuuzwa mwaka 1935 na yalibeba mabingwa wa Tour de France kwa miongo mingi. Lakini stika hubandikwa na yeyote. Namba ya nguzo ya kiti ni ngumu zaidi kughushi.

Tuje kwenye magurudumu, ambako watu wengi hukwama. Chukua sumaku ndogo uguse rimu. Ikinasa, rimu ni ya chuma iliyopakwa kromu, na mvua ikinyesha utabana breki na baiskeli itaendelea kwenda kana kwamba hujafanya kitu. Rimu za alumini ndizo badiliko moja kubwa kuliko yote unayoweza kumfanyia mkongwe huyu, na kama yangeruhusiwa matumizi ya mara moja tu, pesa zangu zingeenda hapo.

Ila soma kwanza ubavu wa tairi. Baiskeli nyingi za resi za bei ya kati za miaka ya 1970 zilikuja na gurudumu lililoandikwa 27 x 1 1/4, ambalo kipenyo cha kiti cha tairi ni milimita 630. Za kisasa ni 700C, yaani 622. Na zile baiskeli nyeusi za mizigo tulizokulia, zenye 28 x 1 1/2, ni 635. Tatu hizi zinafanana kwa macho, na nimeona kijana akihangaika na vyuma vya kubandua tairi hadi vidole vikatoka damu, akilazimisha tairi la 622 liingie kwenye rimu ya 630. Halitaingia. La 635 nalo litaingia kwa urahisi na kuchomoka ukiwa mteremkoni. Namba iliyochapwa kwa mafungu mawili yenye kistari katikati, kama 32-630 au 28-622, ndiyo ya kuamini. Tarakimu tatu za mwisho ndizo kipenyo.

Matairi ya 630 ni ya kubahatisha madukani kwetu. Ya 622 yanapatikana zaidi. Kwa hiyo kuhama kutoka 630 kwenda 622 ni busara. Rimu itasogea milimita 4 karibu na ekseli, hivyo raba za breki nazo zishuke milimita 4. Tazama kama kijitundu kirefu kinachoshika raba kina nafasi hiyo. Kikiwa nayo, umepata faida ya pili: sasa kuna nafasi ya tairi la milimita 28 au 32, na kwenye lami zetu zenye viraka tairi pana lenye upepo wa wastani linakimbia vizuri kuliko lile jembamba la 23 lililojazwa hadi likawa gumu kama jiwe. Hilo hata waendesha resi wa Ulaya wamelikubali. Leo 28 na kuendelea ndiyo kawaida yao.

Gurudumu la nyuma lina jambo jingine. Pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya masikio mawili ya fremu, pale ekseli inapokaa. Baiskeli ya gia tano nyuma huwa na 120, ya gia sita au saba 126, na magurudumu ya resi ya gia nane hadi kumi na moja yenye breki za rimu yanahitaji 130. Kutoka 126 kwenda 130 ni milimita mbili kila upande, na fremu ya chuma inazimudu. Ya alumini au kaboni usiitanue kamwe, itapasuka.

Fundi wangu hapa Arusha huifanya kazi hii kwa stadi ndefu yenye nati nne na washa nne. Anaipitisha stadi kwenye masikio yote mawili, nati mbili kwa ndani, kisha anazifungua taratibu ziyasukume masikio nje. Chuma kina tabia ya kurudi, kwa hiyo anapita kipimo, analegeza, anapima, anapita tena kidogo. Kila baada ya hatua anachukua uzi wa kushonea, anaufunga sikio la kulia, anauzungusha mbele kwenye bomba la usukani na kuurudisha sikio la kushoto, anaukaza, kisha anapima pengo kati ya uzi na bomba la kiti kila upande. Mapengo yakilingana, fremu imenyooka. Siku moja kulia kulikuwa 29 na kushoto 32. Hakuongea. Aliilaza fremu, akaingiza ubao kati ya mabomba, akavuta upande mmoja kisha mwingine, akapima tena: 30 na 31. «Hapo panatosha, kaka, gurudumu litakaa kati.» Kazi yote ilichukua nusu saa. Ukipata fundi anayetumia uzi, mshike. Anayetanua kwa kukanyaga na mguu, mkimbie.

Gia sasa. Baiskeli ya resi ya zamani ilitengenezwa kwa ajili ya vijana wenye mapaja ya chuma. Mbele 52 na 42, nyuma kubwa kabisa ni meno 24. Gawa 42 kwa 24 unapata 1.75: kila mzunguko wa pedali, gurudumu linazunguka mara moja na robo tatu. Baiskeli ya kisasa ya bei ya kawaida huja na 34 mbele na 34 nyuma, mzunguko kwa mzunguko. Tofauti hiyo utaikuta kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kilomita thelathini na ushee za kona zinazokupandisha karibu mita 1,000. Mwenye 1.75 anasimama juu ya pedali na kuyumba. Mwenye 1 anakaa kwenye kiti, anapumua, anatazama mto kule chini.

Dawa ya bei nafuu ipo. Kama habu yako ya nyuma ni ya kufungia friwili kwa nyuzi, nunua friwili ya gia sita au saba yenye sproketi kubwa ya meno 28, au 34 ukibadilisha na kihamisha cheni cha nyuma kiwe cha mkono mrefu. Nyuzi za friwili za Kiingereza na Kijapani zinaingiliana. Za Kifaransa za zamani ni tofauti, na ukilazimisha utaharibu habu. Na hivyo vijiti viwili vya kwenye bomba, usiviondoe kwa aibu. Havina hatua za kuhesabu, vinavuta waya tu, kwa hiyo vitaongoza friwili yoyote ya kampuni yoyote. Utajifunza kwa siku tatu kuisikia cheni ikikaa mahali pake. Mimi bado ninavyo, na nasikitika kila ninapoona vimetupwa.

Hatari inaanza pale unapotaka gia za kubadilishia kwenye vishikizo vya breki, kama Shimano walivyoziuza kuanzia mwaka 1990. Unasema nitaweka za gia kumi na moja. Basi kaseti ya kumi na moja inataka habu yake, maana hata habu ya gia kumi haina upana wa kutosha. Habu mpya ni gurudumu jipya. Gurudumu jipya ni 130, fremu itanuliwe. Cheni ni nyembamba zaidi, sproketi za mbele nazo zibadilike. Kihamisha cheni cha zamani hakivutwi kwa kipimo cha vishikizo vipya. Vishikizo vipya vinavuta waya wa breki kwa kiasi kingine, koleo la breki nalo lifuate. Ukija kujumlisha umenunua baiskeli nzima ya kisasa, vipande vipande, kwa bei ya rejareja, ukaivisha fremu yenye umri wa miaka arobaini. Kama ni lazima upate vishikizo vya namna hiyo, ishia kwenye gia nane. Cheni yake ni ile ile ya gia sita na saba, na cheni na kaseti zake zinauzwa kila mji kwa sababu baiskeli za milimani zinazitumia.

Usiguse ekseli ya pedali kama inazunguka laini na haichezi. Iongeze grisi, basi. Ikibidi kuifungua, uliza kwanza fremu ilizaliwa wapi. Kwenye fremu ya Kiingereza, na nyingi za Kijapani, kikombe cha upande wa cheni kinafunguliwa kwa kuzungushia kulia, kinyume na boliti za kawaida. Za Kiitaliano na nyingi za zamani za Kifaransa, pande zote zinafunguliwa kwa kushoto, na vipimo vyake vya nyuzi haviingiliani na vya Kiingereza. Ukikuta kranki zimefungwa kwa kotapini, usihuzunike. Fundi yeyote wa mtaani anaijua kotapini kuliko anavyoijua kranki ya kisasa.

Kuhusu breki, raba mpya, waya mpya na kava mpya za waya juu ya rimu za alumini zinafanya maajabu. Ukitaka koleo jipya, pima kutoka kwenye tundu la boliti yake hadi katikati ya uso wa rimu. Makoleo mengi ya kisasa yanafika milimita 49 tu. Mengine ya mkono mrefu 57. Fremu ya zamani inaweza kudai zaidi. Na tafadhali sana, usikubali mtu akuchomelee vishikio vya breki za diski. Foki yako haikuundwa kubeba nguvu inayovuta upande mmoja karibu na ekseli, na kuta za bomba zuri ni nyembamba kiasi kwamba welda ya mtaani itaziunguza. Nimekiona kitu hicho barabarani, kwenye baiskeli ya kijana aliyekuwa akiteremka kwa kasi, na moyo wangu haukutulia hadi aliposimama.

Basi ni nani anunue ya kisasa? Wewe unayetaka kuendesha na kundi la wenzako wenye baiskeli mpya kila Jumamosi, au kushindana. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika, na vijana wengi wa kanda yetu waliotazama wanaume wakiparamia vilima vile hadi Tadej Pogačar akashinda walitamani nao waingie. Kwa lengo hilo baiskeli ya kilo 11 yenye vijiti kwenye bomba itakurudisha nyuma kila kona, maana wenzako wanabadilisha gia bila kuachia usukani. Wewe pia unayeishi penye mvua nyingi na mteremko mkali: breki za diski zinashika kwenye maji kwa namna ambayo hakuna rimu inayoweza.

Ukinunua, nunua ile ambayo mji wako unaweza kuitibu. Mimi ningechagua fremu ya alumini, gia za waya, ekseli ya pedali ya kufungwa kwa nyuzi, na waya ambazo hazikupitishwa ndani ya beringi za usukani. Zile zilizopitishwa humo hugeuza kazi ya dakika kumi kuwa ya siku nzima. Gia za umeme ni tamu, lakini uliza betri yake utaipata wapi siku itakapokufa. Breki za diski za mafuta ziulizie aina ya mafuta, maana zipo za mafuta ya madini na za mafuta ya breki kama ya gari, na ukichanganya unaharibu sili zote. Fremu ya kaboni ya mitumba mimi siigusi bila kuijua historia yake. Chuma kilichogongwa hukuonyesha. Kaboni inaweza kuwa imepasuka ndani na rangi ikabaki inang'aa.

Kuna njia ya katikati ambayo watu huipita bila kuiona. Huko Ulaya wanunuzi wengi wamehamia kwenye breki za diski, na baiskeli za alumini zenye breki za rimu na gia tisa au kumi, za kati ya mwaka 2005 na 2015, zimeshuka thamani. Zinaingia kwenye makontena pamoja na nyingine zote. Ni 700C, ni 130, nyuzi zake mara nyingi ni za Kiingereza, na zina uzito wa kilo 9 au 10. Kwa mtu anayetaka baiskeli moja tu ya kufanya kila kitu kwenye lami, hii ndiyo ningemtafutia kabla ya zote mbili.

Kwa hiyo kabla hujashika spana, kaa na karatasi. Andika matairi na tyubu, raba za breki, waya na kava, friwili, gololi na grisi, utepe wa usukani, na ufundi. Pima cheni: hesabu pini 24 baada ya ile uliyowekea rula, ya 24 ikiwa imepita inchi 12 kwa moja ya kumi na sita ya inchi, andika na cheni. Kama magurudumu nayo yanaingia kwenye orodha, jumlisha, kisha nenda ukaulize bei ya hiyo ya njia ya katikati. Orodha ikizidi nusu ya bei hiyo, iuze ya zamani kwa atakayeipenda jinsi ilivyo, au iache kama kumbukumbu ya mzee. Isipozidi, mpelekee fundi wa uzi.

Ikishakamilika, safari ya kwanza isizidi kilomita 20, na beba spana mfukoni. Waya mpya hulegea, spoki mpya hujipanga upya zikilia tikitiki kwenye mzunguko wa kwanza, kranki hutafuta mahali pa kukaa. Irudishe kwa fundi baada ya kilomita 50 akaze tena kila kitu, kisha toa nguzo ya kiti, ipake grisi, uirudishe. Weka tarehe kwenye simu ufanye hivyo tena mwaka ujao.